Sengier na Urani ya Katanga: Nani Alilindwa?

NINAPOSOMESHA juu ya amana hapa Shinyanga, vijana huniuliza: uzio wa migodi ya Mwadui na Geita unamlinda nani? Huwasimulia habari za Edgar Sengier.

Mbelgiji huyu, aliyezaliwa 1879, aliongoza kampuni ya Union Minière huko Katanga, Kongo. Mgodi wao wa Shinkolobwe ulikuwa na urani nzito isiyo na mfano. Mwaka 1940, akiwahofia Wajerumani, alihamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Urani ya Kongo ikarutubishwa kwa siri kubwa huko Oak Ridge, na Agosti 6, 1945 Hiroshima ikateketea.

Siri ililindwa hata jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Waafrika waliobeba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni kitu gani. Sengier alipewa nishani na Marekani 1946, akafariki 1963.

Ndugu zangu, kulinda mali ni wajibu. Lakini mchimbaji kuelezwa hatari anayoishika pia ni amana, na tutaulizwa Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.