Samuelson: Aliyesimama juu ya maji bila cheti

JUMAPILI moja jioni, mama mmoja jirani yangu alifika kwangu mbio akiniuliza kama nimemwona mwanawe. Mtoto huyo ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa nane hapa Rumonge. Alikuwa ameondoka mchana na wenzake kwenda ziwani. Wenzake walikwisha kurudi, yeye hakuonekana.

Tulipofika ufukweni tukaelezwa habari yote. Kijana mmoja mwenye boti ya injini alikuwa akiwavuta watoto kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, wakiwa juu ya ubao. Ndani ya boti alikuwa peke yake, macho yake yakitazama mbele. Mwanafunzi wangu alipoponyokwa na kamba, kijana yule hakujua. Alikuja kujua alipokaribia nchi kavu na kuikuta kamba haina mtu. Wakati huo jua lilikuwa linazama.

Mtoto aliokolewa na wavuvi wa ndagala waliokuwa wakitoka na taa zao. Walimkuta ameukumbatia ubao, anatetemeka, na hana jaketi la kujiokolea. Alikuwa amekaa majini zaidi ya saa nzima.

Kesho yake nilikuwa nimejiandaa kuwakaripia wanafunzi. Badala yake wao ndio walioniuliza swali: ni nani aliyeleta duniani mchezo huu wa wazimu? Niliwaahidi jibu. Jibu lenyewe ni maisha ya Mmarekani mmoja, marehemu Ralph Samuelson, na leo ningependa wewe msomaji nawe uyasikie.

Ziwa lililokwisha kuua

Samuelson alizaliwa Julai 3, 1903. Alikulia Lake City, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, ulio kando ya Ziwa Pepin. Ziwa hilo ni sehemu ambapo Mto Mississippi unapanuka, kati ya Minnesota na Wisconsin. Urefu wake ni kilomita 35 hivi na upana wake ni kama kilomita tatu. Kwa sisi tunaoishi kando ya Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, ziwa hilo ni kama bwawa.

Lakini maji hayaui kwa ukubwa wake. Julai 13, 1890, miaka 13 kabla Samuelson hajazaliwa, meli ya mvuke iitwayo Sea Wing ilipinduliwa na dhoruba katika ziwa hilo hilo. Ilikuwa ikitoka Lake City na watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda matembezi ya Jumapili. Watu 98 walikufa, akiwamo mke wa nahodha mwenyewe na mtoto wao mmoja.

Nikisoma habari hiyo nakumbuka Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Nilikuwa mwanafunzi Tanzania wakati huo, na nakumbuka walimu wetu walivyolia. Basi tusidhani kwamba Samuelson alikulia mahali ambapo watu hawakujua maji yanaweza kufanya nini.

Mbao mbili za msonobari

Mwaka 1922 Samuelson alikuwa kijana wa miaka 18. Nyakati hizo watu walikwisha zoea kuvutwa na boti wakiwa juu ya ubao mmoja mpana. Minnesota pia ni nchi ya theluji, na watu huko huteleza juu ya theluji kwa skii. Yeye akajiuliza: kama mtu anateleza juu ya theluji, kwa nini asiteleze juu ya maji?

Alianza kwa mbao za pipa. Alizama. Akajaribu skii za theluji. Alizama tena, kwa kuwa ni nyembamba mno na maji hayana ugumu wa theluji. Ndipo akanunua mbao mbili za msonobari, kila moja urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 23 hivi. Akachemsha ncha zake katika sufuria kubwa ya mama yake ya kufulia nguo hadi zikalainika, akazipinda zielekee juu. Akapigilia mikanda ya ngozi ya kushikilia miguu. Kamba yake ilikuwa ya urefu wa mita 30 hivi, ya aina iliyotumika kwenye madirisha ya kuinua, na mkono wa kushikia ulikuwa pete ya chuma.

Boti nayo haikuwa ya kifahari. Ilikuwa boti ya kazi, ya kuvuna kome, ambao maganda yao wakati ule yalitengenezewa vifungo vya nguo. Ilifungwa injini ya lori na mwendo wake haukuzidi kilomita 30 hivi kwa saa. Mwendeshaji wake alikuwa ndugu yake, Ben.

Majaribio yalianza mwishoni mwa Juni. Siku baada ya siku Ralph alivutwa, akazama, akavutwa tena. Kosa lake lilikuwa kuziweka ncha za mbao sawa na maji au chini yake. Boti ilipovuta, mbao zilichimba maji kama jembe linavyochimba udongo. Julai 2, 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alijaribu njia nyingine. Aliegemea nyuma na kuziinua ncha za mbao nje ya maji. Ben alipoongeza mwendo, mbao ziliyasukuma maji chini, na maji yakamsukuma yeye juu. Alisimama.

Hivyo ndivyo wanaoanza mchezo huu wanavyofundishwa hadi leo: magoti yakunjwe, mikono inyooke, mwili uegemee nyuma, ncha ziwe juu, na boti ndiyo ifanye kazi ya kukuinua.

Wanafunzi wangu walimshangilia Ralph. Mimi niliwarudisha kwa Ben. Kila Ralph alipozama siku zile, ilibidi mtu aone kwamba amezama, apunguze mwendo, ageuze boti na kumrudia. Kamba ina ncha mbili. Aliye nyuma anapigiwa makofi, lakini uhai wake umo mikononi mwa aliye mbele.

Sifa tele, mfuko mtupu

Kuanzia hapo Samuelson akawa kivutio cha mji wake. Watu walijaa ufukweni kumtazama, na fedha zilizokusanywa zikasaidia maendeleo ya mji. Yeye hakuwa mtu wa kudai malipo.

Mwaka 1925 alifanya mambo mawili ambayo hayakuwa yamefanywa kabla. Kwanza alivutwa kuelekea kwenye jukwaa lililoinama majini, lililopakwa mafuta ya nguruwe ili liteleze, akaruka hewani na kutua akiwa amesimama. Pili alivutwa na ndege ya kutua majini kwa mwendo wa karibu kilomita 130 kwa saa. Sisemi hayo ili yaigwe. Kwa mwendo huo maji humpiga mtu anayeanguka kana kwamba ni ardhi ngumu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hakulifanya: hakwenda serikalini kuandikisha uvumbuzi wake. Mwaka huo huo wa 1925, mtu mwingine, Fred Waller wa New York, ndiye aliyepewa hataza ya skii za majini, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya kazi yake. Skii zake ziliuzwa kwa jina la Dolphin Akwa-Skees. Waller hakuwa mwizi. Alikuwa mvumbuzi hodari, na baadaye ndiye aliyebuni sinema ya Cinerama yenye skrini pana. Lakini yeye alikuwa na karatasi, na Samuelson alikuwa na mbao mbili tu.

Mwaka 1927 Samuelson alikuwa Florida, kwenye kazi ya ujenzi wa banda la boti, alipopata ajali na kuvunjika mgongo. Enzi yake ya kuruka na kuteleza ilikomea hapo. Alirudi Minnesota, akawa mfugaji wa bata mzinga. Mchezo aliouanzisha ulisambaa bila yeye. Mwaka 1939 kilianzishwa chama cha mchezo huo Marekani, na baada ya vita vya pili vya dunia ukaenea katika maziwa na mito ya nchi nyingi. Huko kote, jina la mfugaji wa bata mzinga wa Minnesota halikutajwa.

Mbao ukutani

Mwaka 1963 mwandishi mmoja wa habari kutoka St. Paul alikwenda Lake City mapumzikoni. Katika jengo la waogeleaji la mji aliona mbao mbili kuukuu zimetundikwa ukutani. Akauliza ni za nani. Kwa swali hilo moja, habari ya miaka 41 ikafufuka. Wazee waliokuwapo ufukweni mwaka 1922 walikuwa bado hai, na Samuelson mwenyewe alikuwa hai, na miaka yake 60.

Mwaka 1966 chama cha mchezo huo kilimtambua rasmi kuwa mtu wa kwanza anayejulikana kuteleza juu ya maji kwa skii. Ilikuwa miaka 44 baada ya tendo lenyewe.

Hapa nitaomba radhi kwa kujitaja. Mimi nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, na sekondari pia niliisoma huko huko Tanzania. Niliporejea Burundi mwaka 2008 nilikuwa na vyeti, lakini havikuwa vya lugha wala mfumo wa hapa. Kwa miaka mitatu nilizunguka na bahasha yangu mlango hadi mlango. Nilifundisha watoto bila kuitwa mwalimu kwenye karatasi yoyote. Najua, kwa hiyo, ilivyo kuwa na kazi mkononi na kukosa wa kuithibitisha. Ndiyo sababu habari ya mbao zile ukutani ilinigusa kuliko habari ya ndege. Samuelson hakuokolewa na karatasi. Aliokolewa na mtu aliyeona kitu, akauliza.

Alibahatika kuiona heshima yake kabla ya kufa. Mwaka 1972 mchezo huo ulioneshwa katika Olimpiki ya Ujerumani Magharibi, huko Kiel, ingawa haukuingizwa miongoni mwa michezo ya medali. Mwaka huo huo ulikuwa wa 50 tangu asimame Ziwa Pepin. Alifariki dunia Agosti 1977 akiwa na umri wa miaka 74. Mji wa Lake City hujiita mahali ulipozaliwa mchezo huo na una sherehe zake za kila mwaka.

Alichotuachia

Tangu siku za Samuelson, nchi zenye mchezo huu zimejifunza mengi, mengine kwa kuzika watu. Katika majimbo mengi ya Marekani, likiwamo Minnesota, dereva peke yake asiye na namna ya kuona nyuma haruhusiwi kumvuta mtu. Lazima awepo mtu wa pili wa kumtazama anayevutwa, au, katika baadhi ya majimbo, kioo kipana cha kuonesha nyuma. Kuvuta mtu usiku ni marufuku. Anayevutwa huvaa jaketi la kujiokolea hata kama anaogelea kama samaki, kwa sababu aliyegonga kichwa na kuzimia haogelei.

Wana pia ishara za mikono, maana injini haisikilizi kelele. Dole gumba juu ni kuongeza mwendo, dole gumba chini ni kupunguza. Kiganja kikipita shingoni ni kuzima injini. Aliyeanguka huinua mkono kuonesha kwamba yu mzima na ili boti nyingine zimwone. Boti inapomrudia humkaribia polepole, na injini huzimwa kabla hajapanda, kwa kuwa panga la injini halijui mguu wala kamba. Anayeendesha hanywi pombe, na hapiti karibu na waogaji wala nyavu za wavuvi. Maji ni ya watu wote, na aliye na injini ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi.

Haya yote niliyaandika ubaoni, wanafunzi wakayanakili. Jumamosi iliyofuata nilikwenda ufukweni kumtafuta kijana mwenye boti. Nilidhani atanijibu kwa jeuri. Alinisalimu kwa adabu, akainamisha kichwa, akakiri kwamba tangu siku ile halali vizuri. Nilimsimulia habari za Ralph na Ben. Aliniuliza jambo moja tu: Ben alikuwa anatazama wapi?

Nilimwambia ukweli, kwamba siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba Ralph alianguka mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa Rumonge, na kila mara ndugu yake alimrudia. Wiki iliyopita niliiona boti ile tena. Mbele alikuwa yule kijana, na nyuma yake ameketi mdogo wake, amelipa kisogo ziwa lililo mbele, macho yake kwenye kamba.