Sarojini Naidu: Mshairi aliyewapigania wanawake wa India wapate kura, akakataa viti maalumu

Katika uchaguzi mkuu wa India wa mwaka 2024, kiwango cha wanawake waliojitokeza kupiga kura kilizidi kidogo kile cha wanaume. Hata hivyo, ni wanawake 74 tu waliochaguliwa katika viti 543 vya Lok Sabha, baraza la chini la bunge. Historia ya pengo hilo inamgusa Sarojini Naidu, aliyefariki kabla ya India huru kufanya uchaguzi wake wa kwanza.

Naidu alizaliwa Hyderabad tarehe 13 Februari 1879. Akiwa na umri wa miaka 16 alipelekwa kusoma Uingereza, na mashairi yake kwa Kiingereza yalimpa sifa kabla hajaingia katika siasa.

Desemba 1917, mjini Madras, aliongoza ujumbe wa wanawake kuonana na Edwin Montagu, waziri wa Uingereza aliyesimamia masuala ya India, kudai wanawake wahesabiwe miongoni mwa wapiga kura. Mwaka 1919 aliifikisha hoja hiyo London, mbele ya kamati ya bunge. Sheria ya mwaka huo iliyaachia mabaraza ya majimbo uamuzi, na Madras ikaridhia mwaka 1921, ingawa masharti ya mali yaliwaacha nje wanawake wengi.

Mwaka 1924 alifika Mombasa kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Wakati huo Wahindi wa Kenya walikuwa wakipinga kutengewa daftari lao la wapiga kura, wakitaka daftari moja na Wazungu. Mwaka uliofuata, huko Kanpur, akawa mwanamke wa kwanza Mhindi kuwa rais wa chama cha Congress.

Mtihani mkubwa ulimkabili London mwaka 1931, katika mkutano wa kujadili katiba ya India. Radhabai Subbarayan, aliyehudhuria mkutano wa mwaka uliotangulia, alikuwa ametaka viti maalumu kwa muda, akihofu kwamba bila hivyo wanawake wasingechaguliwa. Naidu alikataa. Alitaka kura kwa kila mtu mzima na ushindani ulio sawa, bila upendeleo kwa misingi ya jinsia. Waingereza hawakumsikiliza: sheria ya mwaka 1935 ilitenga viti vichache kwa wanawake na kuendelea kuwanyima kura walio wengi.

Baada ya uhuru mwaka 1947 aliteuliwa gavana wa United Provinces, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini humo. Alifariki Lucknow tarehe 2 Machi 1949. Katiba iliyopitishwa Novemba mwaka huo ilimpa kila mtu mzima haki ya kura, bila kutenga viti vya wanawake bungeni.

Katika maandalizi ya uchaguzi wa kwanza wa 1951-52, wanawake wapatao milioni 2.8 waliondolewa katika daftari la wapiga kura kwa sababu walijiandikisha kama mke wa fulani au mama wa fulani, wakikataa kutaja majina yao.

Kura ambayo Naidu aliipigania sasa inatumiwa na mamilioni ya wanawake, lakini ushindani alioutumainia haukuwafikisha wengi bungeni. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya kuwatengea wanawake theluthi moja ya viti, kwa sharti kwamba kwanza ifanyike sensa na majimbo yagawanywe upya. Uchaguzi wa 2024 ulifanyika bila viti hivyo.