Robert Koch na Wachukuzi wa Maradhi

Robert Koch alizaliwa katika mwaka wa 1843 katika mji wa Clausthal, nchi ya Ujerumani. Mji huo ulikuwa wa wachimba madini, kama ulivyo mji wa Geita, na baba yake alikuwa mmoja wa wasimamizi wa machimbo. Robert hakuifuata kazi ya baba yake. Alisomea uganga, akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo. Mkewe alimpa darubini ya kukuzia vitu vidogo, naye kila alipopata nafasi aliketi nayo, akaichungua damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta.

Katika mwaka wa 1876 alidhihirisha ya kuwa kimeta huletwa na kijidudu cha namna yake. Mwaka wa 1882 alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu, na sifa zake zikaenea duniani. Wataalamu wengine wa siku zile walidhani ya kuwa vijidudu hugeuka, cha ugonjwa huu kikawa cha ugonjwa ule. Koch alikataa. Alifundisha ya kuwa kila kijidudu hufuata asili yake, kama vile mbegu ya mtama izaavyo mtama tu.

Katika mwaka wa 1902 alishika kazi ya kuizuia homa ya matumbo, iliyokuwa ikivisumbua vijiji vya karibu na mji wa Trier. Hakuwapima wagonjwa peke yao, bali na jamaa zao pia. Akaona vijidudu hata kwa watu ambao hawakujulikana kuwa wagonjwa. Wenziwe walioiendeleza kazi hiyo wakaona ajabu kubwa zaidi. Mjini Strasbourg palikuwa na mwanamke mwenye nyumba ya kuoka mikate, na wafanyakazi wageni walioingia kwake waliugua. Mwenyewe alikuwa mzima kabisa, ila aliwahi kuugua homa hiyo miaka 10 nyuma. Mtu wa namna hii ni kama mpagazi aliyetwishwa mzigo uliofungwa, asijue kilichomo. Vijidudu hukaa katika kibofu chake cha nyongo, hutoka pamoja na choo, na mikono isiyooshwa huvifikisha katika chakula.

Katika mwaka wa 1906 Koch alifika Mwanza kuchunguza ugonjwa wa malale, kisha akavuka ziwa mpaka visiwa vya Sese katika Uganda. Wagonjwa walimjia kwa mamia. Aliwapiga sindano ya dawa iitwayo atoksili, na mwanzoni wengi walipata nafuu. Lakini ugonjwa ulipowarudia, aliongeza kipimo cha dawa, na baadhi yao wakapofuka macho, wasione tena. Jambo hili halifai kufichwa katika habari za maisha yake. Haraka ya kuponya ilizidi hadhari, na walioumia ni wale waliomwamini.

Koch alikufa mwaka wa 1910, walakini habari ya wachukuzi haikuishia hapo. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Nepal, na wale wa Nairobi katika mtaa wa Mukuru, wamechungua urithi ulio ndani ya vijidudu vya homa ya matumbo, wakavilinganisha vya wagonjwa na vya wachukuzi wasiougua. Wameona tofauti ndogo ndogo. Kijidudu kikaacho muda mrefu katika mwili wa mchukuzi hubadilika kidogo kidogo, na huko Nepal mengine ya mabadiliko hayo yalikuwa katika joho la nje, ambalo kwalo hujificha na askari wa mwili. Basi mtama huzaa mtama, kama alivyofundisha Koch. Lakini mtama uliopandwa miaka mingi katika shamba moja huizoea ardhi yake.

Mchukuzi hakujitakia mzigo wake, wala hastahili kuchukiwa. Apelekwe hospitali akatibiwe. Nao watu wote, kijijini Shinyanga au machimboni Geita, wachimbe vyoo mbali na visima, wachemshe maji ya kunywa, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Kwa macho hakuna awezaye kumtambua mchukuzi; huenda akawa mpishi, huenda akawa mtu mwenyewe.