Wangari Maathai hakuiacha kazi ya utafiti

Mto Sagana hauna siri. Mvua ya masika inyeshapo siku mbili mfululizo katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, sisi tuishio huku chini hutambua mara moja yaliyowapata majirani zetu wa juu, kwani maji hugeuka na kuwa mekundu kama matofali. Udongo huo ni shamba la mtu. Husafiri hadi Mto Tana, kisha ukatuama katika bwawa la Masinga lililokamilishwa mwaka wa 1981, na kila mwaka huipunguza nafasi ya maji tunayoyategemea kwa umeme. Yuko mwanamke wa Nyeri aliyeyasoma maji ya namna hii kwa jicho la kisayansi mapema kuliko wengi wetu. Huyo ni Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011.

Huenda msomaji akauliza kuna lipi jipya la kusemwa juu ya mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004. Dai langu ni hili: tumemkumbuka Wangari wa miche na majembe, tukamsahau Wangari wa hadubini na kitabu. Kusahau huko kunawadhuru binti zetu, kwa sababu kunawafundisha kwamba usomi ni jambo moja na manufaa kwa jamii ni jambo jingine.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alianza shule akiwa na umri wa miaka minane, baada ya kaka yake kumuuliza mama yao sababu ya msichana huyo kubaki nyumbani ilhali wavulana walikuwa wakisoma. Swali hilo la mtoto kwa mama yake ndilo lililofungua njia. Kutoka Ihithe alikwenda shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia katika misheni ya Mathari, na mwaka wa 1956 akajiunga na shule ya upili ya Loreto huko Limuru. Mnamo Septemba 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege hadi Marekani kwenda kusoma. Katika chuo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas, alijifunza biolojia akahitimu mwaka wa 1964, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Aliporejea nyumbani Januari 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya msaidizi wa utafiti katika elimu ya wanyama jijini Nairobi. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba kabila lake na jinsia yake ndivyo vilivyomponza. Ilibidi mgeni, Profesa Reinhold Hofmann kutoka Giessen, Ujerumani, amwajiri katika idara changa ya anatomia ya mifugo. Hapo alijifunza kazi isiyo na makofi wala hotuba: kukata vipande vyembamba mno vya nyama ya mnyama, kuvitia rangi, kuvitazama kwa hadubini na kuandika alichokiona. Mwaka wa 1967 alikwenda Ujerumani kuendeleza utafiti huo huko Giessen na Munich, akarejea mwaka wa 1969 kuwa mhadhiri msaidizi.

Mwaka wa 1971 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa tasnifu iliyochunguza jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Mwaka wa 1976 akawa mkuu wa idara yake na mwaka uliofuata akawa profesa mshiriki. Vyeo hivyo havikuwa vimeshikwa na mwanamke yeyote katika chuo hicho kabla yake.

Hata hivyo, cheo hakikumpa usawa. Mhadhiri wa kiume alipewa nyumba na marupurupu mengine kama haki ya kazi yake. Mhadhiri wa kike aliyeolewa alinyimwa, kwa hoja kwamba mume wake ndiye mwenye jukumu la kumpa makao. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya, aliyekuwa akifundisha bayokemia, walilikataa jambo hilo wakadai masharti sawa kwa kazi sawa. Madai yao yaliwachosha wakubwa na hata baadhi ya wanawake wenzao, lakini mengi kati yake yalikuja kukubaliwa baadaye. Leo mhadhiri wa kike akikabidhiwa ufunguo wa nyumba yake bila kuulizwa habari za mume, na aelewe kwamba kuna waliomtangulia katika vita hivyo.

Sasa tufikie jambo ambalo wengi hulipita kwa haraka. Mbegu ya Green Belt Movement haikuota katika siasa, bali iliota katika utafiti juu ya kupe. Wangari alikuwa akichunguza kupe aenezaye ugonjwa wa ndigana, na ili kuwapata kupe hao ilimlazimu kutoka nje ya Nairobi akawakusanye kutoka kwa ng'ombe wa wakulima. Huko aliona yasiyokuwa katika ratiba yake. Aliona ng'ombe waliokonda hadi mbavu zikahesabika, malisho yaliyokauka na mito iliyojaa tope. Nyumbani Nyeri aliona misitu ya asili imefyekwa ili kupanda chai na miti ya biashara. Mugumo aliouacha mtotoni haukuwapo tena, na kijito alichokuwa akichota maji kilikuwa kimekauka. Katika mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake alisikia habari za utafiti mwingine, kwamba watoto wa Mkoa wa Kati walikuwa wakidhoofika kwa lishe duni, maana mama asiye na kuni hupika chakula kile tu kinachoiva upesi.

Mtu mwingine angeyaona hayo kama mambo matatu mbalimbali. Mtafiti aliona chanzo kimoja. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba huko Kamukunji, Nairobi. Maofisa wa misitu walipotilia shaka uwezo wa wanawake wa vijijini kuotesha miche bila mafunzo ya chuo, alirudi kwenye desturi ya maabara: jaribu, chunguza, hesabu, kisha uamue. Wanawake wakaotesha mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika. Malipo yalikuwa madogo, nayo yalitolewa kwa mche ulioshika tu, baada ya kukaguliwa. Kufikia wakati wa Tuzo ya Nobel, miti iliyopandwa kwa njia hiyo ilikuwa imepita milioni 30. Mimi siwezi kuiita kazi hiyo kuuacha usomi. Ni usomi uliovuliwa joho ukavishwa gamboti.

Mwaka wa 1982 Wangari alitaka kugombea kiti cha ubunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu kwanza chuoni, naye akatii. Kisha akazuiwa kugombea kwa sababu ya kasoro iliyodaiwa kuwapo katika uandikishaji wake wa mpiga kura. Alipoiomba kazi yake irudishwe, alikataliwa, na akatakiwa kuihama nyumba ya chuo. Miaka 16 ya utumishi ikaisha hivyo, akiwa na umri wa miaka 42.

Nimewasikia watu wema wakisema kwamba mlango ule ulifungwa kwa heri, kwamba kama asingetolewa, ulimwengu usingempata Wangari tunayemjua. Sikubaliani nao. Aliweza kuongoza idara na kupanda miti kwa pamoja tangu 1977, na hakuna aliyethibitisha kwamba asingeweza kuendelea. Tuhesabu badala yake madaktari wa mifugo ambao hawakufundishwa naye, tafiti ambazo hazikuandikwa na wasichana ambao hawakumwona mwanamke akiongoza idara ya sayansi. Faraja ya namna hii huwasafisha waliofunga mlango kwa ushujaa wa aliyefungiwa. Isitoshe, wako wanawake wangapi waliofungiwa vivyo hivyo, wasipate tuzo wala jina?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wangari alitunzwa kwao akiwa amechelewa. Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kilimwalika kufundisha mwaka wa 2002, na Desemba mwaka huohuo watu wa Tetu wakampeleka bungeni kwa asilimia 98 ya kura. Alikuwa Naibu Waziri wa Mazingira kuanzia 2003 hadi 2005. Mwaka wa 2010, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilianzishwa taasisi ya amani na mazingira iitwayo kwa jina lake. Ni jambo jema. Lakini jina juu ya ukuta halilingani na miaka 28 ya mhadhara uliokatizwa.

Hali yetu leo ni tofauti na ile ya 1956. Binti wa Nyeri hahitaji kwenda mbali kutafuta chuo kikuu. Kuna Karatina, kuna Dedan Kimathi na kuna Kirinyaga. Hapa Sagana kuna kituo cha utafiti wa samaki, na Mwea jirani kuna watafiti wa mpunga. Swali lililobaki ni la namna tutakavyowapokea wasichana hao watakapohitimu, na namna tutakavyowatazama watakapotaka kuvuka kutoka maabara kwenda shambani, kutoka shambani kwenda bungeni, na kurudi tena darasani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wa shule zetu jambo dogo. Siku ya kupanda miti ifikapo, wanafunzi wapande, wamwagilie. Kisha mwalimu wa biolojia awaingize darasani, awawekee hadubini mezani na kuwaeleza kwamba mama huyu alianzia hapo. Nao wakuu wa vyuo waipitie orodha ya wanawake walioondoka kazini katika idara zao, wawaulize kwa nini waliondoka, na kama ingali nafasi, wawaite warudi.