Ambedkar, waziri aliyejiuzulu akipigania urithi wa mabinti wa Kihindu

Septemba 1951, Waziri wa Sheria wa India, Bhimrao Ramji Ambedkar, alijiuzulu. Moja ya sababu kubwa: muswada wake uliotaka binti wa Kihindu arithi mali ya baba yake ulikuwa umewekwa kando.

Wengi wanamjua kama mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba ya India. Wachache wanakumbuka vita hii ya urithi.

Mtoto wa waliotengwa

Ambedkar alizaliwa 14 Aprili 1891 huko Mhow, katikati ya India. Familia yake ilikuwa ya Wamahar, jamii iliyohesabiwa najisi. Shuleni alikaa peke yake, na maji ya kunywa alimiminiwa na mtu mwingine ili asiguse chombo.

Hata hivyo alisoma hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha London, akarudi nyumbani akiwa mwanasheria na daktari wa uchumi. India ilipopata uhuru mwaka 1947, akawa waziri wa sheria wa kwanza.

Mali ilikuwa ya wanaume

Sehemu kubwa ya India ilifuata mfumo wa Mitakshara. Hapo mali ya ukoo haikuwa ya baba peke yake. Mtoto wa kiume alipata haki yake siku ile ile aliyozaliwa, na angeweza kudai igawanywe hata baba akiwa hai. Mwanamume mmoja akifa, fungu lake lilibaki kwa wanaume wenzake wa ukoo.

Binti je? Alitunzwa, akaozwa, basi. Mjane alipopewa kitu, alikitumia maisha yake tu. Akifa, mali ilirudi kwa warithi wa mumewe. Bengal na Assam walikuwa na mfumo wao, Dayabhaga, ambapo watoto wa kiume walisubiri baba afe kwanza.

Ambedkar alitaka kuufuta urithi wa kuzaliwa nao, binti agawiwe pamoja na kaka zake, na mjane awe mmiliki kamili wa alichorithi.

Bunge likawaka moto

Wahafidhina walikuja juu. Walidai familia zitavunjika, mashamba yatakatwa vipande vipande na dini itaingiliwa. Hata Rais Rajendra Prasad hakuutaka muswada huo. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliuunga mkono, lakini upinzani ndani ya chama chake ulikuwa mkali. Mjadala ukavutwa miaka, mwisho ukakwama. Ambedkar akaondoka.

Baada ya uchaguzi, Nehru aliukata muswada ule kuwa sheria nne ndogo. Ile ya urithi ilianza kutumika 17 Juni 1956. Binti, mjane na mama wa marehemu wakaingia daraja la kwanza la warithi, sawa na watoto wa kiume. Mali ya mjane ikawa yake kweli kweli.

Pengo lililobaki

Lakini mali ya ukoo iliachwa mikononi mwa wanaume. Chukua mfano wa baba mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Akifa bila wosia, mali ya ukoo inahesabiwa kwanza kati ya baba na kijana, nusu kwa nusu. Nusu ya baba ndiyo inayogawiwa watoto wote wawili. Kijana anaondoka na robo tatu, binti robo moja.

Ambedkar hakuliona pengo hilo likizibwa. Oktoba 1956 aliingia dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na maelfu ya wafuasi wake, na 6 Desemba mwaka huo akafariki Delhi. Sheria hiyo ya urithi inawahusu Wabudha pia, pamoja na Wajaini na Masingasinga.

Ilichukua miaka 49. Mwaka 2005 Bunge lilibadili sheria: binti naye akawa na haki katika mali ya ukoo tangu kuzaliwa, pamoja na wajibu wa madeni yake. Bado mabishano yakaendelea kuhusu mabinti ambao baba zao walifariki kabla ya mwaka huo. Agosti 2020, Mahakama Kuu ya juu ya India ikamaliza ubishi: haki hiyo ni ya kuzaliwa, baba awe alikuwa hai mwaka 2005 au la.