Msiri wa Bunkeya: aliyekataa makaratasi ya wakubwa

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama na watoto wa nyumba zetu, siku hizi habari ya mukuba na kobalti inasikika kila pahali. Wachina wako na mikataba mikubwa huku tangu 2008. Wamarekani na watu wa Ulaya wanatia feza mu reli ya Lobito. Huku Katuba watu wanaulizana mu lupangu: katika hao wakubwa, nani atatufaa? Ulizo hilo si la leo. Tutazame maisha ya Msiri.

Jina lake ingine ni Ngelengwa. Alitoka Usumbwa, inchi ambayo leo iko Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa anakuja huku kutafuta mukuba. Katikati ya karne ya 19 mutoto akabakia. Alisaidia wakubwa wa hapa mu vita vyao kwa bunduki, kisha akawatawala. Watu wake ndio Bayeke. Muji wake, Bunkeya, ukawa soko kubwa: mukuba, pembe za tembo, chumvi na watumwa vilitoka, bunduki, baruti na vitambaa viliingia kutoka bahari mbili, upande wa Zanzibar na upande wa Angola.

Tusifiche: alikuwa mukali. Wale watumwa walikuwa watoto wa watu. Na Basanga, wenye kuyeyusha mukuba tangu zamani, walimulipa mulambo.

Mwaka 1885 Leopold II wa Ubelgiji aliweka Katanga ndani ya mipaka ya inchi yake, paka kwa karatasi. Upande wa kusini, Cecil Rhodes na kampuni yake ya Waingereza walitaka mukuba ule ule. Basi wote wakatuma watu Bunkeya.

Mu Novemba 1890 akafika Alfred Sharpe, mutu wa Waingereza. Wamisionere wakamutafsiria Msiri karatasi yake. Alipoelewa mambo iliyoandikwa ndani, akamufukuza. Mu Aprili 1891 akafika Paul Le Marinel kwa jina la Leopold. Msiri akaruhusu kituo kijengwe Lofoi, lakini bendera, hapana. Mu Oktoba, Delcommune naye akajibiwa vile vile. Tarehe 14 Desemba akafika William Stairs: muzaliwa wa Canada, ofisa wa jeshi la Uingereza, na kumbe analipwa kwa kazi ya Leopold!

Mupango wa Msiri haukuwa wa ujinga. Alitaka mukubwa mumoja amuogope mwengine, naye abaki mwenye inchi. Lakini nyumba yake ilikuwa inaungua kwa ndani. Mu 1891 Basanga walichoka ukali, wakaasi. Njia za biashara zikafungwa, baruti ikapungua, njaa ikaingia. Stairs alikuta mufalme muzee, na watu wengi wamekwisha kumuacha.

Tarehe 19 Desemba Stairs akapandisha bendera bila ruhusa. Kesho yake kapiteni Bodson akamupiga Msiri risasi. Bodson naye akakufa siku ile ile. Bayeke wanasema kichwa cha mufalme kilikatwa na kupelekwa, na mpaka leo hakijarudi. Mutoto wake, Mukanda-Bantu, akakubali bendera.

Na Waingereza? Waliingia kwa mulango ingine. Union Minière ilipozaliwa 1906, Tanganyika Concessions ya Robert Williams ilikuwa na sehemu ndani yake. Mu 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika Élisabethville. Wakubwa waligombana, kisha wakagawana. Wenye kuchimba hawakuitwa ku meza.

Kila tarehe 20 Desemba Bunkeya wanamukumbuka Msiri. Sisi wa sendika tunamukumbuka kwa mambo mawili. Moja, hakukubali karatasi mbele ya kutafsiriwa. Na sisi, delege yetu asisinye mukataba ambao wafanyakazi hawajasomewa. Mbili, kumukatalia mugeni hakutoshi kama wale wenye kuyeyusha mukuba hawaoni faida yao. Basanga hawakusimama na Msiri juu hakuwaachia kitu cha kutetea. Wenye kuongoza inchi na kampuni leo, Wachina wabakie ao Wamarekani waje, wakumbuke hiyo: mutu wa mushahara wa njaa hatalinda mukuba wa mutu mwengine.