Cecil Rhodes: kununua mpinzani, je, ni kufaulu kweli?

Reli kutoka kusini ilifika hapa kwetu Sakania mwisho wa mwaka 1909. Mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Mtu aliyeota reli ya kutoka Cape mpaka Cairo, Cecil Rhodes, alikuwa amekufa tangu 1902, na miaka 48 tu. Wengi tunamjua kwa jina la Rhodesia. Lakini utajiri wake ulitoka wapi?

Alizaliwa Uingereza tarehe 5 Julai 1853, mtoto wa pasta. Akiwa na miaka 17 alitumwa Afrika ya Kusini kwa kaka yake aliyelima pamba. Mwaka 1871 akaenda Kimberley, kwenye almasi. Kule mashimo yalikuwa yanajaa maji. Rhodes na mwenzake Charles Rudd wakaleta mashini za kuvuta maji, wachimbaji wakawalipa. Hapo kila mtu alipata faida.

Kisha akaanza kununua. Mwaka 1880 aliunda kampani ya De Beers. Mwaka 1887, kwa msaada wa benki ya Rothschild, akanunua kampani ya Wafaransa. Akabaki mpinzani mmoja mkubwa: Barney Barnato wa Kimberley Central. Rhodes akamuahidi cheo cha maisha ndani ya kampani mpya, na Barnato akakubali. Wenye hisa wengine wakaenda tribinali, wakashinda. Rhodes akapita njia ingine: Central ikafungwa, mali yake yote ikauzwa kwa De Beers. Cheki ya mwaka 1889 ilikuwa ya pauni 5.338.650.

Sasa De Beers ikashika karibu 90 kwa mia ya almasi ya dunia. Ikapunguza uchimbaji ili bei ipande. Wafanyakazi wengi wakafukuzwa. Weusi waliobaki wakafungiwa ndani ya kambi mpaka mkataba uishe.

Mwaka 1890 mjumbe wake, Alfred Sharpe, alifika Bunkeya na karatasi ya kusaini. Mfalme Msiri akakataa kabisa. Mwaka 1891 watu waliotumwa kwa ajili ya Leopold II wakamuua Msiri, na Katanga ikaenda kwa Leopold. Njo moja ya sababu Sakania iko Kongo na Ndola iko Zambia.

Leo wenye kuanzisha kampani za teknolojia wanafanya vile vile. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola miliari moja, kisha WhatsApp mwaka 2014. Hapa Kongo, Orange ilinunua Tigo mwaka 2016. Watu wanapiga makofi.

Ndugu msomaji, kununua mpinzani kunaonyesha kwamba mtu iko na pesa na akili ya biashara. Hakuonyeshi bado kwamba amefaulu. Mashini ya maji ya Rhodes ilisaidia hata wapinzani wake. Cheki yake iliwamaliza. Basi tukisikia kampani imemeza ingine, tuulize maneno mawili: bei ya mega imeshuka ao imepanda? Na wafanyakazi wa ile iliyomezwa, wako wapi?